Huyu Mama Si Mutu

Mabukwe, mama mkwe wangu,

Kuna ukurasa mmoja wa kitabu chetu ambao mtoto wako hataki watu wausome, na mhariri anataka jibu langu kabla ya Jumatatu. Deo hajapiga kelele. Unamjua, yeye akikasirika adabu inamzidi, anasema "tafadhali" hata akiomba chumvi. Ameniambia kwa sauti yake ya ofisini kwamba ukurasa huo ukitoka, siku ya kukitambulisha kitabu atakuwa na shughuli pengine, na anaomba jina la kwao lisionekane kwenye jalada. Jina hilo nimelibeba tangu tuoane. Tumeishi vizuri, mimi na yeye, na sijawahi kujiuliza kama kesho atanisemesha. Wiki hii nimejiuliza. Ndiyo maana nakuandikia, kwa kuwa maneno ya ukurasa huo yalitoka kinywani mwako, na wa kuyatetea sasa nimebaki mimi peke yangu.

Nasema kitabu chetu ingawa wewe hukujua kusoma hata kibao cha duka. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kuandika, nawatajia shule na vitabu nilivyosoma, wanaridhika. Ukweli wenyewe hauna cheti. Nilijifunzia uani kwetu Keshero, hapa Goma, mbele ya ungo wa maharagi.

Ulipokuja kukaa nasi baada ya baba mkwe kufariki, sikufurahi, na nadhani uliliona hilo siku ile ile. Mimi Munande wa Butembo, mwalimu wa Kiswahili, ninayeongea kwa sauti ya darasani hadi jikoni. Jamaa zako wa upande wa Rumangabo walikwisha kukuonya kwamba niliolewa na vitabu kabla ya kuolewa na Deo. Ulikaa siku nyingi kimya, ukinitazama nikiandika mezani. Kisha ukamuuliza mjukuu wako Aline, anayekuita koko, ambaye wakati ule alikuwa bado sekondari:

"Mama yako anaandikiaka nani?"

"Anaandika hadisi ya batu benye habako, koko."

"Kama habako, nani anabapikia?"

Nilicheka hadi nikaweka kalamu chini. Jumamosi iliyofuata nilikuletea kigoda uani, nikavuta kiti changu karibu, nikaanza kukusomea huku ukichambua maharagi. Tukaendelea hivyo Jumamosi kwa Jumamosi mpaka ulipougua.

Riwaya ilihusu nyumba moja ya Majengo yenye vizazi vitatu: mzee na mkewe, kijana wao na mke wake, na binti wa kijana huyo anayesoma chuo kikuu. Mke wa mzee nilimpa jina Mama Zawadi. Nilimtengeneza kama tunavyowatengeneza wazee karibu wote vitabuni mwetu. Anaamka wa kwanza, anasali, anakohoa, anamkemea mjukuu kwa sketi fupi, na kabla hajatoka chumbani anatoa neno zito la kuwaacha wote kimya. Nilijiona nimemheshimu. Wewe ulisikiliza sura nzima bila kuinua macho, kisha ukatupa kijiwe pembeni.

"Huyu mama si mutu."

"Ni nini basi?"

"Ni kanisa. Kanisa yenye kuvaa kitenge."

Niliudhika, usidhani sikuudhika. Nilikueleza kwamba kila mtu katika riwaya ana kazi yake, na kazi ya Mama Zawadi ni kushikilia nyumba. Hukunisikiliza hata kidogo.

"Bwana yake iko wapi?"

"Yupo. Anasikiliza redio."

"Masiku yote?"

"Ni mzee, Mabukwe."

"Muzee njo mutu wa kusikiliza redio tu?" ukasema, ukarudi kwenye maharagi yako. Nimesahihisha insha mbaya nyingi kwa kalamu nyekundu, lakini mimi mwenyewe sikuwa nimesahihishwa namna ile.

Kosa lililofuata lilikuwa la masikio. Siku hiyo ulikuwa ukinisimulia habari za wazee wa nyumba ya nyuma, yule fundi viatu na mkewe, na ukasema kwa heshima kabisa, "Bale bangali banajenga." Mimi nikaenda kuchungulia juu ya ukuta wa mawe. Sikuona mbao, sikuona simenti, hata rundo la mawe meusi ya kuponda halikuwepo. Katika mji huu kila mtu anajenga, na volkano ikichoma anajenga tena, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kufikiri vingine. Nilirudi nikakuambia pengine wamekosa bati. Ulicheka hadi ungo ukamwagika. Tukaokota maharagi wote wawili, na kila ulipookota punje ulisema "bati" ukaanza kucheka upya. Ndipo nikaelewa kwamba kwa watu wa rika lako mume na mke wakiwa pamoja kitandani wanajenga nyumba, na kwamba wenye kuacha kujenga mapema wanaonewa huruma.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Nyumbani kwetu Butembo mama yangu hakuwa na neno lolote. Siku ya kuolewa kwangu aliniambia nijitunze, akaenda kutazama sufuria. Shuleni masista walitufundisha kuogopa mimba, na baadaye redio ikatufundisha kuogopa ukimwi. Kutaka hakukuwa kwenye programu. Mimi nilidhani kama sisi tuliosoma hatukufundishwa, basi ninyi mliotutangulia mliishi gizani kabisa. Kumbe mlikuwa na neno zuri la kutumia mbele ya watoto na mbele ya padri bila mtu kuona haya.

Basi nikamwandikia Mama Zawadi ukurasa wake. Kwa kuwa sikujua wazee wanafanyaje, nilichukua nilichokiona kwenye filamu: anavuta pumzi, anamkumbatia mzee wake, anamwita kwa jina. Mzee nilikuwa nimempa jina Shukuru. Nilikusomea nikiwa nimeinamia karatasi, masikio yananiwaka.

"Anamuita jina?"

"Ndiyo."

"Jina yake yenyewe, ile ya kuzaliwa?"

"Ndiyo, Mabukwe."

"Huyo si bibi wa nyumba. Huyo ni mwalimu."

Nilikuuliza mwalimu ameingiaje kitandani mwa watu. "Mwalimu njo anaita batu majina," ukanijibu. "Asubui asubui, karatasi mu mukono, fulani uko, fulani hauko." Kusema kweli nilijiona nimepigwa kofi, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Desturi yenu nilikuwa naijua kidogo, ile mnayoiita gutsinda. Mwanamke akiolewa hataji jina la mumewe wala la wakwe zake, na hata neno la kawaida likifanana na jina hilo analizunguka. Baba mkwe aliitwa Safari. Kwa hiyo wewe, tangu ulipoingia kwake, hukusema kwamba mtu amekwenda safari. Ulisema ameshika njia. Siku Deo alipokuwa anakwenda Beni kikazi nilimwambia pale mlangoni "safari njema," nikakuona umeangalia chini kana kwamba nimeharibu kitu. Wewe ulimwambia, "Njia nzuri, mutoto wangu." Hata siku ya maziko ya mzee, padri alipokuuliza jina la marehemu, ulimgeukia Deo alitaje yeye. Padri alidhani ni kilio kimekuziba koo.

Niliporudi mezani nikalifuta jina. Nikaandika Mama Zawadi amelala karibu na mzee wake, kimya, mkono wake begani mwake, basi. Niliona ni ukurasa mzuri, wenye staha. Mhariri angeupenda, masista wangeupenda.

Nilikusomea ukiwa tayari mgonjwa, ingawa ulikuwa bado unakataa neno hilo na kusema ni miguu tu imechoka. Tulikuwa tumekutolea godoro barazani upate jua. Maharagi hukuyataka tena, lakini ungo uliutaka uwe karibu, mtupu hivyo hivyo. Nilimaliza kusoma, nikangoja sifa zangu.

"Sasa umemufunga kinywa," ukasema.

"Ni wewe ulisema hawezi kumwita jina."

"Muchana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ukarudia, pole pole, kama unayemweleza mtoto mzito. "Muchana hawezi. Muchana ilikuwa Papa Deo. Mbele ya mama yake, hata Papa Deo sikusema sana, nilikuwa ninakohoa tu, anageuka. Lakini kule, miye na yeye tu, nilikuwa ninaitosha."

"Ulikuwa unatoa nini?"

"Jina." Ukageuzia uso ukutani. Kisha ukasema, "Safari."

Nilikuwa nimeishi nawe miaka na neno hilo sikuwahi kulisikia kwako. Ulilisema kwa sauti ambayo pia sikuwahi kuisikia, ya chini, ya msichana. Nilitaka kutoka nikuache. Ukanishika kitenge.

"Andika. Lakini usirukishe. Nilipewa kwake bila kuulizwa. Nilimuogopa. Kisha nilimuzoea. Kisha nilimutaka. Uandike yote tatu, moja kisha ingine. Kama unaandika ya mwisho tu, unadanganya. Kama unaandika ya kwanza tu, unadanganya pia."

Nikakuuliza, "Na jina nimuachie lile la Shukuru?"

Ukanitazama kwa mshangao kabisa. "Unataka niite bwana ya mutu mwengine?"

Ulicheka mwenyewe uliposikia umejiweka kitabuni, nami nikacheka, na ukakohoa sana baada ya hapo. Hatukulizungumza tena. Ulipofariki hatukuweza kukufikisha kwenu, barabara ya Rutshuru haikuwa ya kupitisha jeneza, tukakuzika hapa hapa Goma. Nililia kuliko nilivyotegemea. Wanawake wa kanisani walidhani ninaigiza, mkaza mwana gani analia hivyo.

Baada ya muda nikamaliza kitabu. Ukurasa niliuandika upya kama ulivyosema, woga kwanza, mazoea, kisha kutaka, na jina la Safari mwishoni. Nikautuma na mengine kwa mhariri.

Mhariri ni mtu mzuri, msomi, yuko mbali na hapa, tunaongea kwa simu na ujumbe. Penye sentensi kwamba wazee bado wanajenga aliandika: nyumba hii ya pili inajengwa wapi, msomaji hajaambiwa habari za kiwanja. Hapo nilikukumbuka na ungo wako, nikacheka peke yangu. Lakini kwenye ukurasa wenyewe aliandika kwamba mhusika haaminiki. Mwanamke wa umri huo, asiyesoma, wa kijijini, hawezi kuwa na hisia zilizopangwa hivyo. Alinishauri nimpe mke wa kijana ukurasa huo, yeye amesoma. Nilimuuliza kama kutaka kunahitaji diploma. Akajibu kwa upole kwamba anazungumzia sanaa.

Nikampa Aline asome. Mjukuu wako sasa yuko chuo kikuu na anaongea mambo haya kwa Kifaransa, waziwazi, mezani, na baba yake anaacha kula. Sikuwahi kumzuia. Nilijiambia kwamba kizazi hiki ndicho kitakachokuelewa. Alisoma mara mbili, akaniwekea karatasi mezani.

"Mama, umeandika romance."

"Romance iko wapi?"

"Koko alitolewa kwao bila kuulizwa, sawa vile ng'ombe. Hakukuwa consentement, yeye mwenyewe hakukubali. Na weye unasema mwisho alimutaka. Alivumilia, mama. Bamama ba zamani balikuwa banavumilia, kisha banaita ile kuvumilia mapendo."

Nilimwambia ulinieleza mwenyewe. Akasema ndivyo mtu anavyojieleza ili aweze kuishi. Sehemu ya kwanza anayo haki: ulipewa, uliogopa, na mimi hata sikukuuliza uliogopa kwa muda gani. Lakini nilimwona akiupokea ule woga wako mara moja, bila shida, kisha ile kutaka anaikataa, kana kwamba wewe ni shahidi wa kuaminiwa nusu. Nilimuuliza nani amempa ruhusa ya kukupangia hisia. Akasema, "Na weye, nani alikupa?" Tukaishia pale. Ni mtoto wangu, hapungukiwi maneno.

Wa tatu alikuwa Deo. Yeye hakusoma ukurasa wote. Aliliona tu jina la baba yake mwishoni, akafunga karatasi, akazipanga vizuri pembeni pembeni.

"Mama yangu haezi sema vile," akasema. "Tafadhali, utoshe ile page, uifute."

Nikamweleza, kama ninavyokueleza wewe, siku ya baraza na godoro. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema asante. Hapo ndipo adabu ilipoanza.

Kwa hiyo nilikuwa na watu watatu. Mmoja hakuamini kwa kuwa hakujui, mmoja kwa kuwa anakuonea uchungu, na mmoja kwa kuwa ulimzaa. Kila mmoja alikuwa na Mama Zawadi wake tayari kichwani. Nikaanza kujitilia shaka mimi mwandishi. Mara mbili nilifungua faili, nikaweka kidole kwenye ukurasa, tayari kuufuta nipate amani nyumbani. Kitabu kingebaki. Kingekuwa kitabu cha heshima chenye kanisa ndani yake, limevaa kitenge. Nilikasirika nao wote, na kidogo nilikukasirikia wewe pia kwa kuniachia kazi hii na kwenda.

Hayo yote niliyaandika jana, nikalala. Leo mchana Deo alikuwa barazani akirekebisha waya wa paneli ya jua, mimi nachambua majani ya sombe. Alianza kuongea bila kugeuka.

"Nyumba yetu ya Majengo ilikuwa ya mbao, unakumbuka."

"Uliniambia."

"Kati ya chumba chao na chetu ilikuwa ubao moja tu. Na ubao ilikuwa na mwanya."

Nikaendelea na majani yangu. Nilijua tu kwamba nikiinuka ataacha.

"Nilikuwa mudogo, bado kuanza shule. Nilikuwa ninasikia mama anasema, safari. Safari. Yeye mwenye hakuwahi kutamuka ile neno. Muchana anasema njia, na saa ile anasema safari."

Alikaza waya ambao ulikuwa umekwisha kukazwa.

"Jina ya papa sikujua. Kwangu alikuwa papa, na majirani bote balikuwa banamuita Papa Deo. Niliijua siku ya kuandikishwa ku shule, mwalimu ananiuliza jina ya baba yako nani, ninajibu Papa Deo, darasa yote inacheka. Basi mbele ya kuijua nilizani papa anataka kutuacha. Nilizani anataka kwenda safari, na mama anamuomba abakie."

"Deo."

"Nilifichaka viatu vyake. Chini ya kitanda yetu, nyuma ya magunia ya viazi. Asubui papa anatafuta viatu, anachelewa kazi, anakasirika, mama anasema panya. Nilikuwa ninajua kama hana viatu, hawezi kwenda."

Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua. Mabukwe, ulikuwa unajua? Ulisema panya ili kumwokoa, au kweli uliamini kuna panya wa kubeba viatu vya mtu mzima? Hili nalo sikupata kukuuliza.

"Nilipokua nilielewa," akasema Deo. "Mutu anakua, anaelewa. Lakini ile sauti sikuielewa. Ndio ninakuomba utoshe ile page. Si ju ya kuona haya." Aligeuka kwa mara ya kwanza. Mtoto wako ana mvi sasa, na uso wake ulikuwa wa yule mwenye kuficha viatu. "Alikuwa analia?"

Kumbe hilo ndilo alilokuwa amelibeba. Wiki nzima nilidhani analinda heshima yako, na kumbe alikuwa anaogopa kusoma ukurasa hadi mwisho akute kwamba mama yake alikuwa anaomba. Nikamwambia, "Hapana. Hakuwa analia."

"Unajuaje?"

"Aliniambia. Na aliponiambia alicheka. Alikataa nimpe jina la mume wa mtu mwingine."

Nikaingia ndani nikatoa karatasi. Nikamsomea ukurasa wote kwa sauti, kama nilivyokuwa nakusomea wewe. Nilipofika kwenye woga alifumba macho, nami sikurukisha. Nikaendelea na mazoea, nikafika kwenye kutaka, nikafika kwenye jina la baba yake, nikalisoma kwa sauti ile uliyoitumia, kadiri nilivyoweza. Aline alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Deo alikaa chini kwenye ngazi, koleo bado mkononi.

"Basi hakuwa anamuomba asiende," akasema.

"Hapana. Alikuwa anamwita."

Alilia, Mabukwe, mchana kweupe, mbele ya binti yake. Sijamwona akilia hivyo hata siku tulipokuzika. Aline alikwenda akakaa kando yake, bila Kifaransa chochote. Baadaye alijipangusa uso, akasema, "Uiache." Nikamuuliza, na jina? "Na jina. Na ile ya familia pia, uitie ku jalada." Kisha akaomba maji, na hakusema tafadhali.

Nimemwandikia mhariri. Ukurasa unabaki kwa Mama Zawadi, na wazee wanajenga bila kiwanja. Kama wasomaji hawataamini, nitawaacha wasiamini. Mimi nakuamini, kwa mambo yote matatu.

Jambo moja limebaki, na sina wa kumwambia ila wewe. Mimi nimemwita mtoto wako Deo tangu siku ya kwanza. Namwita Deo sokoni, kwenye simu, mbele ya wanafunzi wangu, nikimgombeza, nikimwita aje kula. Nilikuwa najivuna nalo, nikikuhurumia wewe na kukohoa kwako. Leo, Aline alipokwenda kwa rafiki zake na sisi tukabaki wawili, nilimshika uso, nikataka kumwita kama ulivyomwita baba yake. Nilifungua kinywa. Jina nililokuwa nalo ni lile lile ninaloliita kwa kelele mlangoni kila siku. Alikuwa ananitazama, anangoja, na mimi sikuwa na la kumwita.

Pumzika, Mabukwe. Umsalimie mzee.

Mkaza mwanao,
mama ya Aline